Chérie wa Nguba ni mimi

Leo aibu imenikuta nikiwa na kaptula, katikati ya kiwanja chetu, mchana kweupe.

Mnajua nauza kahawa. Bibi yangu, yaani mke wangu Maman Neema, anaikaanga hapa Muhumba, Bukavu, mimi naifunga na kuituma kwa ndugu zetu walioko Ulaya. (Nimezunguka Uvira, Kalemie mpaka Lubumbashi. Siku hizi kahawa ndiyo inasafiri, mimi nimebaki.) Shida ilikuwa malipo. Watu wa Ulaya wanataka kulipa kwa kadi, kwenye mtandao. Basi wiki nzima nimetafuta kampuni ya kunipokelea. Ya kwanza ilitaka pesa kila mwezi, hata usipouza kitu. Ya pili ilikata sana kwa kila malipo. Ya tatu ilikata kidogo kuliko zote, na mwisho wa mwezi haidai chochote. Nikaikimbilia! Sikujiuliza kwa nini ni rahisi hivyo. (Ni rahisi kwa sababu ndani hakuna mtu. Ukiandika, roboti ndiyo inajibu.)

Fomu yao ilikuwa ndefu. Mahali fulani waliuliza jina ambalo mteja ataliona kwenye ujumbe wa benki. Duka langu halikuwa na jina bado. Nikaweka la kwanza lililonijia, ili nipite tu, nikisema nitarudi kulibadilisha. Lilikuwa jina la kibanda kimoja cha kahawa kule Nguba, kando ya ziwa, nilikoshinda nilipokuwa na miaka ishirini na sina haraka ya kwenda popote.

Sikurudi kulibadilisha.

Leo simu imelia: malipo ya kwanza! Tonton Faustin, kiongozi wa kwaya huko Ubelgiji, amenunua kilo tano. Nikacheza peke yangu uani.

Dakika kumi hazijapita, Tonton mwenyewe akapiga. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kahawa, nikaweka spika. Alikuwa ananong'ona kama mtu aliyejificha chooni. (Alikuwa amejificha chooni.)

"Cyprien, mutoto yangu, uliandika nini? Bibi yangu ameona message ya banki. Iko inasema nimetuma pesa kwa Chérie wa Nguba!"

Mlango ukagongwa huko. Ukafunguliwa. Simu ikabadilisha mikono, ikamfikia mkewe, Maman Alphonsine.

"Cyprien! Weye ulibaki Bukavu, weye unajua. Huyu Chérie, huyu mupenzi, ni nani?"

"Maman Alphonsine, hakuna mwanamuke..."

"Hakuna? Basi pesa iliingia kwa nani? Leo leo naita wakubwa wa famille!"

Nikaona ndoa ya watu inavunjika kwa ajili ya kilo tano. Nikapaza sauti ili anielewe vizuri:

"Ni mimi, Maman! Chérie wa Nguba ni mimi!"

Kiwanja kizima kikasikia. Jirani aliyekuwa anafua akaacha shuka ndani ya maji. Papa Bahati, mwenye nyumba, akazima redio. (Papa Bahati hazimi redio hata kwa matanga.)

Huko Ubelgiji Maman Alphonsine akaangua kicheko mpaka akakohoa. Ndoa yao ikapona.

Yangu ndiyo ikaanza kuumwa. Maman Neema alitoka jikoni polepole, mwiko mkononi.

"Papa Neema. Mimi niko wa wapi?"

"Wa Bagira."

"Na Chérie?"

"Ni kibanda tu! Kibanda cha kahawa!"

"Na ile kahawa ilikuwa inajipika yenyewe?"

Nikainamia kahawa yangu. (Sasa najua kwamba kuinama nako ni kujibu.)

Nikawaandikia kampuni mbio wabadilishe jina. Maman Neema alisimama nyuma yangu, akalichagua mwenyewe: Bibi wa Bagira. Roboti ikajibu: ombi limepokelewa, subiri siku tano za kazi.

Kwa hiyo ndugu zangu, kahawa iko, nunueni. Ila kwa siku hizi tano, mwambieni mke kwanza, ndipo mlipe. Na mkipita Muhumba, nawaomba mniite Cyprien. Papa Bahati ameshanisalimia mara tatu: "Chérie, habari ya mchana?"