Penseli ya Kumfufua Tumbaro

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza! Mimi niliyeishia darasa la saba, nimesoma vitabu saba vya Viti vya Ukungu, kila kimoja kinene kama tofali. Tumbaro wangu, mpiga upanga, kafa darajani akimlinda malkia. Nimelia mpaka machozi yakalowesha gauni la bibi harusi ninalolishona. Nimelipiga pasi, halionyeshi kitu.

Kifurushi kimefika kutoka kwa binti yangu. (Fundi wa mashine za hospitali, huyo! Nimemzaa mwenyewe.) Hadithi mpya kabisa, kitabu cha kwanza kati ya kumi. Kurasa mia saba na kumi na mbili. Kaagiza nisome mpaka sura ya kumi, naye asome chake, Jumapili tuzungumze kwenye simu kama kawaida.

Kabla ya vitabu simu yetu ilikuwa dakika mbili. Umekula? Nimekula. Haya mwanangu. Sasa miaka miwili tunaongea saa nzima. Kwa hiyo nitasoma. Lazima.

Jumanne, 4 Machi

Ukurasa wa kwanza, watu kumi na wanne. Simjui hata mmoja! Wanaingia bila hodi, kila mtu na farasi wake. Nimefunga kitabu.

Nimemwambia Bi Vifungo, yule wa duka la vifungo mkabala na cherehani yangu, kwamba nimefika ukurasa wa mia mbili. Kumbe naye anakisoma! Akaniuliza jemadari Ordeki namwonaje. Nikasema samahani, nina sindano mdomoni.

Jumatano, 5 Machi

Akili hii ingepata shule, sijui dunia ingekuwa wapi. Mteja akileta gauni la dada yake, si nalipunguza mpaka limkae? Kitabu kina nini?

Nimechukua penseli. Kila jina geni nimelikata, juu yake nimeandika la mtu ninayemjua. Malkia mpya sasa ni malkia wetu. Ordeki ni mrefu, mkimya, ana kovu. Basi ni Tumbaro! Nimemwandika mara sitini na tatu kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Ukurasa wa tisini na Tumbaro yu hai, anakunywa supu. Raha iliyoje! Nimeshona mkono wa kulia kushoto, lakini mteja ni mpole.

Bi Vifungo kasema yule jemadari hamwamini hata kidogo. Nikamwambia, shoga, wewe umemjua juzi, mimi huyu ni mtu wangu wa miaka miwili. Alicheka mpaka akamwaga kopo zima la vifungo. Sikumsaidia kuokota.

Ijumaa, 7 Machi

Tumbaro kawafungulia maadui lango.

Tumbaro!

Sikushona kitu. Nimechukua kifutio nikamwondoa kwenye mwili wa yule msaliti, ukurasa mmoja mpaka mwingine. Wa mia mbili na kumi na nne umetoboka. Nimemhamishia kwa mpishi wa jeshi, mtu mwema, ana mikono safi. Kurasa sita mbele, mpishi kaliwa na joka.

Mara ya pili ananifia. Nimejifungia chooni, nikamwambia mume wangu ni tumbo.

Jumapili, 9 Machi

Simu ililia saa kumi kamili. Nilianza kwa kishindo. Nikamweleza binti yangu vita, lango, usaliti, sauti juu ili Bi Vifungo asikie dirishani kwake. Halafu nikateleza. Nikasema Tumbaro.

Akaniuliza, Mama, unasoma kitabu gani? Nikasema hiki ulichonitumia. Akaomba nimsomee ukurasa wowote. Nikamsomea. Nilipofika penye tundu, nikaruka. Mwisho nikaungama yote: penseli, kifutio, mpishi.

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema polepole kwamba yeye chake hajakifungua. Tangu Jumatatu anarudia Viti vya Ukungu, kitabu cha kwanza, kwa sababu huko Tumbaro bado kijana. Alinitumia kipya akiogopa tutakosa la kuzungumza.

Mwanangu ni mimi mtupu! Nikamwambia tunaweza kuongea bila kitabu chochote, sisi si wageni. Tukajaribu. Umekula? Nimekula. Wewe je? Nami nimekula.

Hata dakika mbili hazikufika.

Halafu akauliza, huyo mpishi, Mama, alikuwa mtu wa namna gani? Tukaongea saa moja na nusu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka mtu mpya. Nimemwambia Bi Vifungo, wateja wawili wakisikia, kwamba msomaji mkomavu humwacha kila mtu na jina lake, na marehemu aachwe apumzike. Kaniangalia kwa heshima. Au alikuwa anahesabu vifungo, sijui.

Nimefuta kurasa zote. Binti yangu anaanza chake leo, tutakwenda sambamba.

Ukurasa wa mia mbili thelathini na moja kuna mlinzi wa daraja. Mrefu. Mkimya. Sijaona kovu, lakini huenda liko mgongoni.

Nimechonga penseli.