Mkaushaji wa Faili

Adome alitoka Lodwar na tai nyekundu na laptopu ya kuazima, akitafuta mbuzi thelathini. Si kununua, kununua aliwaachia wasio na akili. Baba wa Nakal, msichana aliyempenda, alikuwa amesema wazi: mahari ifike Jumapili, la sivyo binti anaolewa na mwalimu wa Katilu.

Sokoni Kakuma akakuta watu wamebanana mbele ya tangazo la kazi la shirika moja. Chini limeandikwa: "Barua ziwe PDF. Word hatupokei." Watu wanakuna vichwa. Adome naye hakujua mengi ya kompyuta, ila kitufe kimoja alikijua: ukikibofya, Word inatoa PDF. Hicho tu. Kilimtosha.

"Ejok, ndugu zangu!" akapaza sauti. "Word ni nyama mbichi. Ukiiandika Lodwar iko sawa, ukiifungua Kakuma mistari imehama, jina limeshuka ukurasa wa pili. Kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Joto! Imeozea njiani. PDF ni nyama iliyokaushwa. Inafika Geneva ikiwa nzima. Mimi nimesomea ukaushaji."

Na watu wazima, wenye vyeti vyao, wakaamini. Lakini tusiwacheke sana: nani kati yetu hajawahi kuona herufi za Word zikizurura?

Akatandaza flashi zao juu ya bati, juani, akawa anazigeuza kwa kijiko zikauke pande zote. Kisha anazichomeka kwenye laptopu na kubofya kitufe chake kisirisiri. "Usiifungue kabla ya kutuma," anaonya, "itaingia unyevu." Malipo ni mbuzi mmoja kwa flashi, wa kukaushiwa sana, wawili. Ejore, mchuuzi wa mifugo kutoka Lopur, akalipa watatu ili yake ikauke kuliko za wenzake, apewe ukubwa. Kufikia Alhamisi mchana mahari ilikuwa imetimia.

Ng'ambo ya njia, Élisabeth, Mkongomani aliyekuwa akichapia watu barua, hakubaki na mteja hata mmoja. Hakugomba. Alikaa akitafuna karanga, akitazama.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na tangazo jipya: "Mabadiliko. Barua ziwe Word. PDF hatupokei. Mwisho leo saa kumi."

Mungu wangu! Umati ukamjia na fimbo.

"Wewe kijana," Ejore akasema, "umekausha faili yangu. Sasa rudisha mbichi."

"Mzee, kitu kikishakauka..."

"Rudisha mbichi! Ama rudisha mbuzi zangu, na meno yako uongeze juu."

Adome akabofya kitufe chake. Ikatoka PDF. Akabofya tena. PDF nyingine. Jasho likamtiririka, na kwa mara ya kwanza aliogopa kwelikweli; alimwona Nakal akipokelewa Katilu kwa vigelegele.

Élisabeth akamsogelea. "Kaka, miye najua kulowesha," akanong'ona. "Lakini ni kazi ya nguvu. Utanipa mbuzi zote."

"Zote? Dada, hiyo ni mahari!"

"Na meno, uko nayo ngapi?"

Akakubali, huku anaumia. Élisabeth akachovya kitambaa kwenye beseni, akakikamua, akafunika flashi zote na kuimba kidogo kwa Kifaransa. Kisha akazichomeka moja moja kwenye laptopu, wenyewe wakichungulia. Word! Mbichi kabisa! Ejore alifuta machozi waziwazi, na Gatjang, jirani yake Élisabeth, akaanza kuswaga mbuzi.

"Niambie tu, dada," Adome akamsihi pembeni. "Umeloweshaje?"

Élisabeth akamwonyesha flashi moja. Ndani mlikuwa na faili mbili zimekaa bega kwa bega: PDF, na ile Word ya mwanzo.

"Ukikausha, mbichi haiende fasi yoyote, kaka. Inabakia palepale. Hukuangalia."

"Lakini shirika lenyewe ndilo limebadilisha..."

Élisabeth akachomeka flashi yake mwenyewe. Faili ilikuwa moja tu, imehifadhiwa Alhamisi jioni, jina lake "tangazo jipya".

"Usijali, nimewaambia wenye flashi watume zote mbili, PDF na Word," Élisabeth akasema, akakunja kitambaa chake.

Adome akafungua mdomo kuita mwizi. Umati wote ukageuka na fimbo zake, umsikilize anataka kueleza nini. Akaufunga mdomo.