Hapkido ya Koti la Bucha

Jumatatu, 2 Juni
Nimekubaliwa! Pasta Musyimi ameniruhusu nifundishe akina mama kujikinga na wezi, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Migwani. Nitafundisha hapkido, mapigano ya Wakorea. Nimeisomea kwenye simu wiki mbili nzima. Sare sina. Nimeazima koti jeupe la shemeji Mutie, mwenye bucha. Mshipi nimeupaka rangi ya viatu, ukawa mkanda mweusi. Kwenye kioo natisha!

Jumatano, 4 Juni
Darasa la kwanza. Wanafunzi tisa. Mbwa watatu walinifuata njia nzima wakilamba koti. Nikawaambia akina mama kwamba wanyama humtambua bingwa. Nikahesabu Kikorea: hana, dul, set... Ya nne ikapotea. Nikamalizia na Kikamba: inya, itano, thanthatu. Muthoki, kiongozi wa kwaya, akasema hakujua Wakorea ni ndugu zetu. Anacheka vizuri sana, huyo Muthoki!

Kisha nikamwomba Mama Kathini anishike mkono, nijinasue. Huyu huuza kuku, akishika ameshika. Nilizunguka, nikainama, nikapiga kelele za Kikorea. Wapi! Aliniachilia simu yake ilipolia.

Ijumaa, 6 Juni
Adui! Gicheru, mwenye duka la dawa za mifugo, kumbe ana mkanda mweusi halisi wa taekwondo. Alisimama mlangoni, akaomba kwa adabu aonyeshe jambo moja. Eti ukishikwa mkono, panua vidole, geuzia upande wa kidole gumba cha aliyekushika. Mama Kathini akajaribu. Mkono ukachomoka! Makofi. Nikasema hayo ni mambo ya watoto. Gicheru akauliza hapkido yangu imewahi kumwokoa nani. Muthoki akanitazama. Nikatangaza darasa limekwisha.

Jumamosi, 7 Juni
Nimepata dawa! Kesho baada ya ibada nitajifunika uso kwa kofia, nimpokonye Muthoki mkoba mbele ya kanisa zima. Atajitetea, nitaanguka kidogo, nitakimbia. Watu watauliza amefundishwa na nani. Gicheru kwisha!

Jumapili, 8 Juni
Naandika kwa mkono wa kushoto. Nilichomoka nyuma ya tangi la maji, nikamshika Muthoki. Akapanua vidole. Akageuka. Mara mkono wangu uko mgongoni, uso uko mchangani! Akaita mwizi. Akina mama wakashuka kama nzige. Mama Kathini akanikalia.

"Ni mimi! Mwalimu!"

Kofia ikavuliwa.

"Mwalimu," Muthoki akauliza, "kwani mkoba wangu ulikuwa unautakia nini?"

"Ulikuwa mtihani."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya basi, nimepita?"

Nikasema amepita. Aliyenifunga mkono kwa leso ni Gicheru. Taratibu, kwa upole. Hapo ndipo palipouma.

Jumanne, 10 Juni
Wanafunzi wote tisa wamehamia kwa Gicheru. Pasta amesema nipumzike, nisali. Nimepumzika, nimesali, na kosa langu nimeliona: nilifundisha vizuri kupita kiasi! Mwalimu anayeangushwa na mwanafunzi wa siku mbili, kuna bora kumshinda Kitui nzima? Hapa hawanithamini. Nahamia mji wa Wote. Huko hakuna anayenijua, na simu inasema Wakorea wana mapigano ya upanga pia. Nimeshatazama dakika nne. Jumatatu nafungua shule.