Kufuli Langu na Samaki wa Harusi

Leo nimeaibika, jamani. Nimetafutwa na nusu ya Lodwar kama maiti, kumbe niko hai, nimeshiba, na udenda umenitoka mpaka shingoni.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa stima. Ndiyo, mwanamke, na ndiyo, napanda nguzo. Kituo changu ni Kakuma, lakini upepo wa jana jioni ulilaza nguzo za Lodwar, kwa hiyo sisi wa Kakuma tukaombwa tuje kusaidia. Tukapakia kamba na ngazi kabla jua halijatoka.

Kazi yetu ina sheria moja isiyo na mzaha. Kabla hujapanda, laini inazimwa kituoni, na kila fundi anatundika kufuli lake kwenye swichi, pamoja na kadi yenye jina na picha yake. Ufunguo unakaa mfukoni mwako. Ukimaliza kazi, unaenda kulifungua mwenyewe. Likibaki kufuli hata moja, hakuna wa kuwasha, awe mkubwa wa namna gani. Na hawaruhusiwi kulikata mpaka mwenyewe aonekane kwa macho, miguu ikiwa chini. Wakikuwashia ukiwa juu, hadithi yako imeishia hapo. (Siku ya kupigwa picha ya kadi niliambiwa nisicheke. Nilicheka. Meno yote yako nje.)

Tulipofika, hospitali na pampu za maji zilikuwa zimesharudishiwa stima. Hizo huwa za kwanza. Iliyobaki ilikuwa laini ya soko: nguzo tatu chini, waya umezikwa kwenye matope ya lagga, ule mto wa msimu. Nikiwa nimechafuka hadi kwenye kope, akaja mama mmoja wa hapo, shanga shingoni, uso umekunjamana.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok, mama."

"Wewe ndiyo mtu ya stima? Mimi Mama Akiru, ya ile hoteli ya samaki. Binti yangu anaolewa kesho. Friza mbili imejaa samaki ya wageni, na maji imeanza kutoka chini. Sasa hii stima inarudi saa ngapi?"

Mtu mwenye akili angejibu, "Tutajitahidi, mama." Mimi nikajipiga kifua.

"Kabla ya saa tisa friza zako zitanguruma. Zisiponguruma, nitafute mimi!"

(Kinywa changu hiki, kuna siku nitakishona.)

Na kazi tukaifanya, sitaki uongo. Saa saba na nusu nguzo zote zimesimama, waya umekazwa. Mzee Ekai, msimamizi wa Lodwar, akanipigia kelele kutoka kwenye pikapu: "Nekesa, gari imejaa! Shika boda, ukuje kituoni utoe kufuli yako!" Wakatangulia. Wenzangu wa Kakuma wakatoa makufuli yao kituoni, wakaondoka kwa magari mawili, kila gari likiamini niko kwenye lile lingine.

Boda ikapita mbele ya hoteli ya Mama Akiru. Wale samaki waliokuwa wameanza kulainika alikuwa anawakaanga nje, kwa makaa. Tumboni sikuwa na kitu tangu jana. "Dakika kumi tu," nikamwambia mwenye boda, nikamwacha aende. Nikavua ile overoli ya matope, nikaikunja kwenye begi, nikanawa uso, nikaingia na fulana kama mteja mwingine yeyote.

Mama Akiru hakunitambua. Nami sikujitambulisha. Nilitaka friza zingurume kwanza, ndipo nijitokeze nishangiliwe. (Cheka tu, najua.) Nikala samaki mzima na ugali. Nikaegemea ukuta.

Nikaota niko kituoni. Nimefungua kufuli, stima imewaka, watu wananipigia makofi. Ndoto nzuri ajabu.

Nikashtuka saa kumi kasorobo. Feni imelala. Friza kimya. Simu yangu imezima, maana ningeichajia wapi? Mama Akiru ameketi karibu na friza zake, machozi yanamlenga.

"Saa tisa imepita," anawaambia wateja. "Ule mtu ya stima alinidanganya. Kesho nitapea wageni nini?"

Nami, kwa kuwa kichwani, kwa ile ndoto, kufuli nilikuwa nimeshalifungua, nikapata uchungu wa kweli kwa niaba yake. Nikasema kwa sauti, hoteli nzima isikie: "Mama, hawa watu wa stima ni wazembe! Mimi ningekuwa wao, ningeona haya!"

"Sema tena, dada!" wateja wakaitikia. Nikasema tena!

Ndipo Mzee Ekai akaingia. Macho mekundu, matope mpaka magotini, na mkononi ameshika kadi.

"Mama, mmeona huyu msichana? Ni fundi yetu. Tumeangalia kila nguzo. Simu haiingii. Wenzake wamefika karibu Kakuma, wanasema hawana yeye. Watu wako kwa lagga wanamtafuta na fimbo. Akina mama wa kanisa wameanza kuimba."

Kadi ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Mama Akiru. Akaitazama. Akanitazama. Akaitazama tena. Nikafunga mdomo kwa nguvu zangu zote.

"Wewe," akasema taratibu. "Hebu cheka kidogo."

"Mimi?"

"Cheka!"

Ningefanya nini? Nikatoa meno. Hoteli nzima ikapiga ukelele mmoja. Mwanamume mmoja akaangusha sahani.

Nikatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwepo, umetulia zake. Mzee Ekai akanishika mabega. Nilidhani ataniporomoshea matusi. "Nilikuwa nafikiria nitaambia mama yako nini," akasema. Hapo niliumia, jamani. Ningezomewa tu ingekuwa afadhali.

Nikasindikizwa kituoni na umati: wateja, wenye fimbo za lagga, na akina mama wa kanisa, ambao hawakuona sababu ya kukatiza wimbo, ila waliuchangamsha kidogo. Nikafungua kufuli mbele ya macho yote hayo. Swichi ikarudishwa. Soko likalipuka kwa vigelegele, na redio zikaanza kupiga kelele kila duka.

Mama Akiru alikimbilia friza zake, kisha akampigia Mzee Ekai simu. Samaki wa juu walikuwa wamelainika, lakini wa chini bado ni mawe. Harusi ipo. Akaomba kuongea na mimi.

"Kesho kuja ule," akasema. "Lakini utakaa meza ya mbele, karibu na bibi harusi, mahali kila mtu anakuona. Sisi hatutaki kutafuta mtu tena."