Tela Langu na Landrova ya Felisiani

Jumatatu, 7 Julai 1980

Felisiani kapita tena mbele ya duka langu na Landrova yake. Polepole, makusudi, kiwiko nje ya dirisha, na baridi hii ya Sumbawanga! Muuza samaki, migebuka ya Wampembe, ana shughuli gani mtaani kwetu Chanji mara tatu kwa siku? Najua shughuli yake. Ni Fransiska, mshonaji, aliyepanga chumba mkabala na duka langu na anahamia Jumapili. Mjane, mcheshi, ana cherehani yake mwenyewe. Nataka kumwoa. Felisiani naye anataka, inaonekana hata kwenye kiwiko.

Lakini mimi nimemwahi. Nimemwahidi Fransiska kumhamishia vyombo kutoka kijijini kwao, njia ya Mwimbi. Tela ninalo, dogo, la magurudumu mawili, nilinunua kwa padri aliyerudi Ulaya. Cha kulivuta sina. Hilo sikumwambia.

Jumanne, 8 Julai

Basil, bwana shamba, kaniazima pikipiki yake. Kupanda mlima, tela lilikataa. Kuteremka, likakubali kupita kiasi. Lilitusukuma, mimi na pikipiki, hadi katikati ya kabichi za masista. Masista wamenisamehe kwa upole, na upole wao unauma kuliko matusi.

Nani katokea na kamba? Felisiani. Alinivuta hadi barabarani na watu wakampigia makofi. Akaniuliza kama nimeumia. Mnafiki!

Jumatano, 9 Julai

Nimemwomba Sadoki, karani, mwenzangu wa kutoka Mbeya, anivutie tela kwa Pijo yake, kwa majaribio tu. Nikafunga vizuri. Pijo ikaondoka, tela likabaki palepale, na bampa ya Pijo ikabaki nalo. Sadoki alikuwa amefika sokoni ndipo akajua. Hasemi nami.

Jioni nikamwendea katibu wa kijiji kuhusu trekta. Akasema lipo, ila halitembei, spea imeagizwa Dar es Salaam. Nikauliza tangu lini. Akanijibu kwamba haraka ni tabia ya kibepari.

Alhamisi, 10 Julai

Mambo yameharibika. Fransiska kaja dukani kununua kiberiti, akasema Felisiani naye kajitolea, kwa hiyo ametugawia kazi. Vyombo vyake vitapanda tela langu kwa sababu Landrova inanuka samaki. Yeye mwenyewe atapanda Landrova kwa sababu ya vumbi. Yaani mimi nibebe kitanda, Felisiani ambebe mwenye kitanda! Nimekosa hata hamu ya ugali.

Baadaye. Nimepata akili. Jumapili, ikishapita saa nane mchana, magari ya watu binafsi ni marufuku barabarani, serikali inaokoa mafuta. Mgambo wanamsimamisha kila mtu. Sasa ng'ombe anakunywa petroli? Hanywi. Kumbe chombo cha kuvuta tela langu kilikuwa kinakula majani siku zote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwamkia Mzee Marselino shikamoo mara mbili, akanikubalia ng'ombe wake wawili wa jembe. Kaniusia nisiwachape. Kasema njia ile wanaijua kuliko mimi, na wakisimama niwaache, wataondoka wakiwa tayari. Wazee kwa maneno!

Jumapili, 13 Julai

Nimetangulia kijijini, nikafika Felisiani akiwa bado misani. Nikamnong'oneza Mama Cornelia, mama yake Fransiska, kwamba Felisiani hulalamika mjini kuwa nyumba hii haijawahi kumchinjia hata jogoo. Mama wa watu kashtuka. Akamkamata jogoo mzee kuliko wote, ambaye hata moto alikuwa hauogopi. Felisiani alipofika akaambiwa akae, chakula kinaiva. Na nyumbani kwa Mfipa, ukiondoka chungu kikiwa jikoni, umetukana ukoo. Saa sita hajaiva. Saa saba hajaiva. Nikafunga kitanda, kabati, viti na cherehani, nikaaga nikiwa nimenuna, moyoni nacheka.

Naandika haya kilabuni, cha pili. Ng'ombe wa Marselino wamesimama kilabu cha kwanza bila kuambiwa. Nikavuta, nikabembeleza, nikaimba. Wapi! Mama muuza pombe aliwaita kwa majina. Walevi wakashusha viti vya Fransiska wakakalia, wakanipa ya ulezi ili nisilalamike. Ng'ombe walipoondoka wakaja kusimama hapa, na viti vimeshushwa tena. Wamelala kabisa. Si kitu. Saa kumi imepita na Landrova haijaonekana. Wamenaswa!

Jumatatu, 14 Julai

Landrova imenipita asubuhi nikikusanya viti. Fransiska kanipungia mkono, uso unang'aa.

Nimefika mchana, nikaelezwa yote. Mgambo waliwasimamisha saa tisa na kuwaambia wakae hapohapo hadi alfajiri. Wakakaa garini wakizungumza mpaka jua likazama. Mke wa mgambo akawapikia, akamlaza Fransiska kwake. Fransiska anasema hakujua kama Felisiani ni msikivu hivyo. Anasema huwezi kumjua mtu mpaka ukwame naye.

Nimemkwamisha nani na nani? Mimi huyu! Nikaanza kushusha kitanda, Fransiska akanizuia kwa upole. Akasema kabati na kitanda nisubiri kidogo, huenda vikahamia kwa Felisiani.

Alhamisi, 24 Julai

Posa imepokelewa. Ndoa itafungwa kijijini kwao, Jumapili ya tarehe tatu, misa ya asubuhi, kisha maharusi warudi mjini kwenye sherehe. Wamenitaka niwabebee vyombo. Felisiani kanishika mkono kwa mikono miwili, kaniita shemeji.

Nimekubali. Tena nimekaa nimefikiri vizuri, na kosa langu nimeliona: nilibeba kitanda badala ya mtu. Safari hii tela nimelitandika mkeka na mito, bibi harusi apande kwangu. Nimeshamshauri Mama Cornelia achinje jogoo wawili. Bwana harusi akwame na mgambo peke yake, sisi tutakuwa na njia nzima ya kuzungumza. Ng'ombe ni walewale wa Marselino. Sasa wamenizoea.