Malalamiko Juu ya Pete ya Kaboni Yenye Michoro Miwili

Bokoli,
10 Septemba 1956

Kwa Bwana Mwalimu Mkuu,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa moyo unanichemka. Mimi ni Wekoye Mukhisa, karani wa ghala la mahindi Kitale na mzee wa kanisa hapa Bokoli. Mwanangu Wabwile anafundishwa kemia shuleni kwako na Mwalimu Kiplangat. Huyo ndiye ninayemshtaki.

1. Alichora pete ya kaboni sita zilizoshikana mikono: hapa mkono mmoja, pale miwili, kwa zamu. Akachora ya pili, penye mmoja pakawa miwili, penye miwili mmoja. Akauliza ipi ya kweli. Akajijibu mwenyewe: hakuna! Ati pete hiyo, iitwayo benzini, ni kitu kimoja, kiko katikati ya michoro hiyo. Bwana, shahidi akitoa maneno mawili barazani na yote si kweli, chifu humfunga. Kwenu anaongezewa chaki.

2. Likizo ya Agosti, Wabwile alikuja nyumbani na ugonjwa huo. Nilimwuliza kama ng'ombe wameogeshwa au hawajaogeshwa. Ati jibu liko katikati. Nilimtandika, na kiboko hakikwenda katikati.

3. Hili ndilo limenimaliza. Alimweleza mama yake, Lenah, jikoni, kwamba benzini hairukiruki kutoka mchoro huu hadi ule. Ni yote miwili wakati wote, na ndiyo maana ni imara. Lenah akaacha kusonga ugali. Akauliza mbona nikitoka Kitale kila Jumamosi shati langu limepigwa pasi. Miaka tisa mama huyu hajauliza neno! Kesho yake akaenda kwa pasta. Jumapili ijayo baraza la kanisa litaamua kama nitavuliwa uzee. Nina aibu, Bwana, hata sokoni sipiti.

Kwa hiyo naomba somo hilo lifutwe, na Mwalimu Kiplangat apelekwe Lwakhakha, tena avushwe mpaka aingie Uganda. Watoto wafundishwe vitu vinavyokaa mahali pamoja.

Wasalimie walimu wote, mpishi wa shule, na mama watoto.

Ni mimi mwenye kuonewa na sayansi,
Wekoye Mukhisa

Tanbihi: Kabla hujamfukuza, nakusihi umlete Mwalimu Kiplangat kanisani Jumapili, na chaki zake. Awaeleze wazee kama alivyowaeleza watoto, kwamba kitu chaweza kuwa na michoro miwili na kikawa kimoja, tena imara zaidi. Afike mapema apate nafasi. Agneta wa Kitale ameniletea habari kwamba Jumapili hiyo anapanda basi kuja huku kanisani pamoja na watoto wetu watatu.