Waya wa Desanka Wagoma Kuungua

Tangazo lilikaa miaka miwili kwenye nguzo ya umeme nje ya soko la Leskovac, na katika muda huo wote halikusomwa na yeyote isipokuwa mvua. Jumanne moja ya Septemba, saa moja asubuhi, likasomwa na Gradimir Stošić.

"Nauza waya wa shaba usioungua. Magurudumu sita. Desanka, nyumba ya kijani nyuma ya kiwanda cha zamani."

Macho ya Gradimir yalifika kwenye neno "shaba" yakapiga kambi hapo hapo. Neno "usioungua" aliliruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Mjini tulimwita Injinia, ingawa kitu pekee alichowahi kujenga ni uongo. Kiangazi kile kile alikuwa amewakodisha wauza matikiti vivuli vya miti ya manispaa, kila mti kwa saa, na cha asubuhi kilikuwa ghali kuliko cha jioni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hawezi kuona kitu cha mtu kimetulia bila kukionea huruma.

Alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake Toza, mtu mnene wa maneno machache, mwenye kigari cha mizigo.

"Toza, una mafuta kwenye gari?"

"Ya kufika wapi?"

"Ya kufika kwenye utajiri."

"Hayo hayafiki," Toza akasema. Lakini akachukua ufunguo.

Desanka Kitanović alikuwa mwembamba, wa miaka sitini na minane, mwenye vidole vigumu kama kucha za kuku. Kwa miaka thelathini na moja alisimamia mashine kiwandani, akivisha waya wa shaba karatasi ya ulanga, madini ya kung'aa yasiyoshika moto, na juu yake nyuzi za kioo, ili uweze kukaa ndani ya matanuri na majiko makubwa ya umeme bila kudhurika. Kiwanda kilipokufa hakikuwa na mshahara wa mwisho wa kuwapa watu, kikawapa waya. Wenzake wote waliutupa au kuugawa. Yeye aliuweka bandani, akabandika tangazo, na mtaa mzima ukampa jina: Desanka wa Waya. Watoto wa jirani walimuuliza kama chai yake nayo haiungui.

Gradimir alibisha mlango akiwa na tai, faili, na uso wa msiba.

"Mama, mimi ni mkaguzi wa zimamoto, kitengo cha vitu hatari."

"Karibu, mwanangu. Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Ndiyo maana nimewahi."

Akaonyeshwa banda. Magurudumu sita ya mbao yalikuwa yamesimama gizani, kila moja limeviringishiwa waya hadi kutapika. Gradimir alishika ukuta kidogo. Kisha akapitisha kidole juu ya waya, akakinusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nyuzi za kioo. Mama, vumbi hili linapanda puani hadi kwenye ubongo."

"Nimelivuta miaka thelathini na moja."

"Na unajisikiaje?"

"Vizuri tu."

"Hiyo ndiyo dalili ya kwanza."

Desanka alimtazama usoni. Akatazama tai yake, akatazama kigari cha Toza chenye manyoya ya kuku nyuma. Halafu akashika shavu kwa hofu kubwa sana.

"Jamani! Sasa tufanyeje, mheshimiwa?"

"Tunauchukua leo hii. Tunaupima kwa moto. Ukishindwa tunauteketeza, wala hutatozwa hata dinari."

"Na ukishinda?"

Katika maisha yake yote ya kazi Gradimir hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. "Ukishinda," akasema polepole, "unabaki kuwa wako."

"Niandikie hivyo hivyo."

Akaandika. Desanka alisimama nyuma ya bega lake kama mwalimu wa darasa la pili. "Andika 'mali ya Desanka Kitanović.' Andika 'kwa ajili ya kupimwa kwa moto.' Nyoosha herufi, mwanangu, zimelala." Mwishoni Gradimir akagonga muhuri wa Chama cha Wafuga Njiwa, akiupitisha haraka ili wino utapakae na njiwa afanane na tai wa serikali.

Magurudumu yalikuwa mazito kama nguruwe wa Krismasi. Desanka aliwaelekeza kwa mikono kama askari wa barabarani, na mgongo wa Toza ulipolia kwa sauti aliwapa kila mmoja kipande cha mkate wa jibini. Walipoondoka aliwapungia mkono.

"Yaani huyu mama," Gradimir akasema garini, machozi yakimlenga, "ameingia kingi mpaka nimeona aibu."

"Umeona aibu?"

"Karibu."

Mwenye yadi ya vyuma chakavu aliukwaruza waya kwa kisu, akacheka.

"Shaba imevaa sweta? Mimi nanunua shaba uchi. Ivue nguo kwanza."

"Tuivueje?"

"Kama kila mtu anavyofanya, Injinia. Choma."

Hapo ndipo akili ya Gradimir ilipong'aa. Mwezi mwingine wowote, kuchoma waya mchana kweupe kungeleta maswali. Lakini Septemba Leskovac nzima inachoma pilipili hoho nyekundu za ajvar, rojo la pilipili la kulia majira ya baridi. Uani moshi, barazani moshi. Mtu angeweza kuunguza ofisi ya meya na majirani wangeuliza tu amenunua magunia mangapi.

Basi wakaenda uani kwa Toza, wakauviringua waya wa gurudumu la kwanza, wakaurundika, wakawasha moto juu yake. Waya wa kawaida ukiuchoma, koti lake linalia, linatoa moshi mweusi, linaanguka. Huu haukulia. Baada ya nusu saa Gradimir alivuta ncha kwa koleo, akaifuta kwa kitambaa. Koti lilikuwa limebadilika kidogo rangi. Basi.

"Ongeza kuni," akasema.

Toza akaongeza kuni zote. Kisha gurudumu lenyewe la mbao. Kisha mlango wa zamani wa banda la kuku, na mlango ambao haukuwa wa zamani. Mchana ulipofika, Gradimir alikuwa anang'oa uzio.

"Huo ni uzio wangu," Toza akasema.

"Kesho utajengewa wa chuma!"

Moto ukawa wa ajabu, mwekundu, mtulivu, usio na moshi. Na moto kama huo mtaani kwetu hauachwi upotee. Jirani wa kwanza alikuja na gunia moja la pilipili. "Samahani, Toza, mnatumia hapa juu?" Kabla Gradimir hajapata jibu, bati lilikuwa limewekwa. Wakaja wa pili na wa tatu, wakaja akina mama na mabeseni na visu, ikaja chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, halafu nyingine, na mtu akaleta tarumbeta kwa sababu kila mahali kuna mtu wa namna hiyo. Akaja Vitomir, polisi, shemeji yake Toza, amevua kofia na kufunga aproni ya mke wake. Gradimir alipomwona alijificha nyuma ya beseni.

Pamoja nao alikuja Stojadin mwoka mikate, mtu mwenye wasiwasi wa kudumu. Akachungulia chini ya bati.

"Huo waya umekaa humo tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi," Toza akasema.

Stojadin akachukua koleo, akavuta, akaumwagia maji, akaukunja na kuukunjua. Koti halikuachia. Akawageukia watu.

"Mimi nyaya za tanuri langu zinakatika kila mwezi! Kila mwezi mikate inabaki unga! Huu waya ni wa nani?"

Wengine watatu wakasogea: fundi wa kusuka mota, mwenye kiwanda cha vigae, mama mmoja mwenye tanuri la vyungu. Gradimir akatoka nyuma ya beseni. Alikuwa mweusi kwa masizi, nyusi moja imekwenda na moto, lakini wanunuzi wanne walikuwa mbele yake, na ulimi wake uliamka wenyewe.

"Mabibi na mabwana! Mnachokiona si waya, ni mbishi! Ameoga moto kwa muda wa saa tano na nusu! Amekula kuni, milango, amekula uzio! Ndani shaba safi, juu yake ulanga, juu yake nyuzi za kioo, zimevishwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi yake! Nionyesheni mwingine mwenye ngozi kama hii!"

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa hotuba bora ya maisha yake, na hakukuwa na neno hata moja la uongo ndani yake. Yeye mwenyewe hakugundua.

"Nauchukua wote!" Stojadin akapiga kelele.

"Wewe na nani?" akasema mwenye vigae.

"Tulieni, jamani, mtagawana," ikasema sauti nyingine. Desanka alikuwa anapita katikati ya watu na beseni la pilipili kiunoni na karatasi mkononi. "Mheshimiwa mkaguzi, umemaliza kunipimia?"

"Mkaguzi?" Vitomir akageuka, kisu mkononi, ngozi ya pilipili kwenye ndevu. "Mkaguzi gani?"

Desanka alimpa Vitomir karatasi. Vitomir akaanza kuisoma kwa sauti, neno kwa neno. Gradimir alipima kwa haraka umbali hadi mahali ambapo uzio ungekuwepo, akaona Toza amesimama hapo hapo, mpana kama kabati.

"Umefaulu," Gradimir akasema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, mwanangu, wengine wamekaa mbali."

"Waya wa mama Desanka umefaulu!"

Vitomir akaikunja karatasi, akarudi kwenye pilipili zake. Watu wakamrukia Desanka kwa furaha. Waliokuwa wamemcheka miaka miwili walimshika mkono mmoja mmoja, na yeye aliwaambia bei bila kupunguza hata kidogo, mashavu yamewiva. Kila mnunuzi alitaka cheti cha mkaguzi. Gradimir aligonga muhuri mara nne.

Muhuri wa mwisho ulipokauka, Desanka alimwinamia sikioni. "Njiwa amekaa vizuri," akanong'ona. "Asante, mwanangu. Mimi peke yangu wasingeniamini." Akamfungia mkate wa jibini kwenye gazeti. "Sasa mpelekeeni Stojadin mawili yake kabla hajafunga duka. Na haya mengine yarudisheni bandani kwangu, wenyewe watakuja kuyachukua; mlango mnaujua."

Jua lilikuwa bado liko juu ya paa walipopanda kilima cha kuelekea kwa mwoka mikate. Injini ilikuwa inalia. Nyuma magurudumu yaligongana. Toza aliendesha huku akila mkate.

"Gradimir," akasema mwishowe.

"Mm."

"Leo tumemtapeli nani?"

Gradimir akafikiri. Akahesabu watu wote wa siku ile kwa vidole, polepole, mpaka akafika kwenye kidole gumba, cha kumhesabu yeye mwenyewe, akakitazama.

"Angalia barabara," akasema.